Mubirizi kwenye uzio: kata mmoja, acha mmoja uchanue



Wiki hii tunazungumza juu ya mti ambao wengi wetu tunao karibu na nyumba, na ambao tunaushika tu wakati tunapotaka kitu kutoka kwake: majani, kijiti cha kushikilia maharagwe, au kuni ndogo za kuwashia moto. Mti huo ni mubirizi. Tunataka kuonyesha kwamba kitu kimoja kwenye mti huo mara nyingi hakipati nafasi, nacho ni maua yake. Maua hayo yanahusu maboga yetu, marakuja yetu, na sahani ya watoto wetu kuliko tunavyodhani.

Neno letu la leo ni fupi: tupande mubirizi kwenye uzio, na tunapoukata, tukate mmoja na kuacha mmoja uchanue. Tutaeleza sababu, kisha tutaeleza namna.

Maboga yanachanua, lakini hayazai

Katika vikundi vingi wamama wanauliza swali hili: «Maboga yangu yana maua mengi, majani ni mazuri, lakini boga changa linageuka manjano na kuanguka. Nani ameniharibia shamba?» Mara nyingine swali hilo linaleta maneno mabaya kati ya majirani. Kabla ya kumshuku mtu, tuangalie ua lenyewe.

Mboga una maua ya aina mbili juu ya mmea mmoja. Kuna maua ya kiume, yenye shina refu na jembamba, ambayo ndani yake kuna unga wa manjano. Unga huo unaitwa chavua. Kuna maua ya kike, yenye shina fupi, na chini ya ua la kike unaona boga dogo limekwisha kuumbika, kama tumbo la mama mjamzito. Lakini boga hilo dogo halijapata uhai wa kuendelea. Ni lazima chavua ya ua la kiume ifike katikati ya ua la kike. Isipofika, boga dogo linakuwa manjano, linaoza kwenye ncha, linaanguka. Ikifika kidogo tu, boga linakua upande mmoja na kubaki dogo.

Upepo hauwezi kufanya kazi hii, kwa sababu chavua ya maboga ni nzito na inanata. Anayeifanya ni nyuki. Naye hana wakati mwingi: ua la maboga linafunguka alfajiri na kufunga kabla ya saa sita za mchana, na ua la kike linafunguka asubuhi moja tu. Kama asubuhi hiyo nyuki hawakupita vya kutosha, boga hilo limepotea.

Kweli, kuna sababu nyingine. Siku za kwanza mmea huleta maua ya kiume peke yake, na hayo yanaanguka bila kosa lolote, tusiogope. Mvua ikinyesha asubuhi nzima, nyuki hawatoki. Na tukivuna ncha za majani kila siku kwa mboga, mmea unakosa nguvu ya kuchanua. Lakini mama akiona maua ya kike yanafunguka, jua linawaka, na nyuki hawaonekani, basi ajue kwamba shida yake iko hapo.

Kuna msaada wa haraka. Alfajiri, mama achume ua la kiume lililofunguka siku ileile, aondoe majani yake ya manjano, kisha apanguse ile sehemu yenye unga katikati ya ua la kike. Ua moja la kiume linaweza kutosha maua ya kike mawili au matatu. Watoto wanaijifunza kazi hii haraka. Lakini nani ataifanya kila asubuhi, kwa mashina yote, huku maji hayajachotwa na watoto hawajaenda shuleni? Nyuki wanaifanya bure. Kazi yetu ni kuwapa sababu ya kukaa karibu nasi.

Chakula gani kinamhitaji nyuki?

Tuseme ukweli bila kutishana. Nyuki wakipungua, ugali hautaisha. Mahindi yanachavushwa na upepo. Mihogo tunaipanda kwa miti yake, viazi vitamu kwa kamba zake, ndizi kwa machipukizi, na vyote hivyo tunakula bila kungoja nyuki. Maharagwe nayo kwa sehemu kubwa yanajichavusha yenyewe ndani ya ua lake.

Tatizo liko pembeni ya ugali. Maboga, matango, na jamaa zao wote wanamhitaji nyuki. Marakuja yanamhitaji, hasa yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Avoka inamhitaji, kwa sababu ua lake linafunguka mara ya kwanza likiwa la kike, linafunga, halafu linafunguka tena likiwa la kiume. Ni mdudu anayebeba chavua kutoka ua hadi ua. Kahawa ya arabika, ile ya Kalehe na Idjwi, inaweza kuzaa peke yake, lakini nyuki wakiitembelea inazaa zaidi. Nyanya na biringanya zinajichavusha, lakini zinapata nguvu pale nyuki wa porini wanapolitikisa ua kwa mtetemo wa miili yao.

Mwaka 2016 wataalamu wa nchi nyingi waliokusanywa na jopo la IPBES walitoa ripoti juu ya wadudu na wanyama wachavushaji. Walisema kwamba zaidi ya robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani yanawategemea kwa kiasi fulani. Kwetu sisi hesabu hiyo ina maana moja ya jikoni. Chakula kinachojaza tumbo kinaweza kupatikana bila nyuki. Lakini nyama ya boga yenye rangi ya machungwa, ambayo inampa mtoto vitamini A ya kulinda macho na mwili wake, pamoja na matunda tunayoweka kwenye sahani au kuuza sokoni ili kupata ada ya shule, hivyo vinapungua. Mtoto anaweza kulala ameshiba na bado mwili wake unakosa kitu. Ndiyo sababu habari ya maua na nyuki ni habari ya mama.

Njaa ya nyuki

Nyuki hakai mahali kwa sababu tunamhitaji mwezi mmoja. Anakaa mahali anapopata chakula mwaka mzima. Kwake chakula ni vitu viwili: maji matamu ya ua, ambayo anafanyia asali, na chavua, ambayo analishia watoto wake.

Hebu tuangalie vilima vyetu vya Kivu kwa macho ya nyuki. Mwezi wa tisa mvua inarudi, tunapanda msimu wa kwanza. Maharagwe yanachanua, maboga yanachanua, kuna chakula. Mwezi wa pili tunapanda tena. Halafu tunavuna, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kiangazi kinaingia. Mashamba yamelimwa mpaka kwenye ukingo, vichaka vimekatwa kwa makala, majani ya pembeni yamechomwa moto. Nyuki anatoka asubuhi na hapati ua. Kundi linadhoofika au linahama. Mvua inaporudi na maboga yanapochanua, wachache tu ndio waliobaki kuyatembelea.

Dawa ya njaa hiyo ni maua kwenye sehemu ambazo hatulimi: kwenye uzio, kando ya njia, kwenye ukingo wa mtaro, nyuma ya choo, kwenye mpaka wa shamba. Hatusemi mama aache hata jembe moja la ardhi yake ya maharagwe. Tunajua ardhi ni ndogo, na wengine wanalima ardhi ya kukodi. Uzio ni lazima uwepo hata hivyo. Basi uwe uzio unaochanua.

Mubirizi ni mti gani?

Wataalamu wanauita Vernonia amygdalina, na siku hizi wengine wanauandika Gymnanthemum amygdalinum. Hapa Kivu wengi wanaujua kwa jina la mubirizi. Kwa ndugu zetu wa Rwanda ni umubirizi. Waganda wanauita mululuza. Kule Kameruni majani yake ni mboga ya heshima inayoitwa ndole, inayopikwa na karanga baada ya kufuliwa mara nyingi kuondoa uchungu. Waigbo wa Nigeria wanaiita onugbu. Ni mti wa Afrika, uliozoea mvua zetu, jua letu na wadudu wetu. Haukuletwa na meli.

Tuutambue vizuri. Ni kichaka chenye matawi mengi, mara nyingi kirefu kupita mtu, na kikiachwa kinaweza kuwa mti wa mita tano au zaidi. Majani yake ni marefu, ya kijani, na ukiliuma jani ulimi unajua mara moja. Maua yake ni meupe, madogo, yamekusanyika kwa mafungu kwenye ncha za matawi, kama brashi ndogo nyingi zilizofungwa pamoja. Yana harufu nzuri. Kila brashi ina maua madogo sana mengi ndani yake, ndiyo maana mdudu akitua hapo anapata kazi ya muda mrefu bila kuruka mbali. Huja nyuki wa asali, huja nyuki wadogo wasiouma, huja vipepeo na nzi wa maua.

Tusiuchanganye na ule mmea wa maua makubwa ya manjano yanayofanana na alizeti, ambao unajaa kando ya barabara zetu. Ule ni tithonia, na asili yake ni upande wa Meksiko. Sio adui: majani yake ni mbolea nzuri ya shambani, na nyuki wanautembelea. Lakini unasambaa peke yake na haungoji ruhusa. Tena tusiuchanganye na lantana, ile yenye maua madogo ya rangi mbili na miiba. Asili yake ni Amerika, inafunga malisho, na mifugo ikila majani yake inaugua.

Mubirizi unavumilia. Unakaa kwenye nchi ya chini yenye joto na unakaa pia kwenye miinuko mirefu, hadi karibu mita 2800. Kiangazi kikali hakiuui kwa urahisi. Ukikatwa, unachipuka tena kutoka kwenye kisiki. Kwa mama mwenye kazi nyingi, mti unaojitunza ni rafiki.

Namna ya kuupanda

Hatuhitaji kununua mbegu. Mbegu zake ni ndogo, zina nywele, zinapeperuka na upepo. Njia rahisi ni kupanda vipande vya mti, kama tunavyofanya kwa mihogo.

Kwanza, wakati. Vipande vikatwe mvua inapoanza kushika, mwezi wa tisa au wa kumi, ili vipate miezi mingi ya maji kabla ya kiangazi. Aliyechelewa anaweza kupanda mwezi wa pili au wa tatu.

Pili, kipande. Tuchague tawi lililokomaa, si lile laini la kijani wala lile kuukuu lililokauka. Liwe nene kama kidole gumba na refu kama kutoka kiwiko hadi vidole. Liwe na macho yasiyopungua manne. Chini tukate kwa mshazari, juu tukate sawa. Hivyo hata mtoto hatapanda kichwa chini miguu juu.

Tatu, shimo. Tuzike nusu ya kipande, tuache macho mawili au zaidi juu ya udongo, kisha tukandamize kwa mguu ili hewa isibaki ndani. Kati ya kipande na kipande tuache nusu mita, yaani hatua moja fupi. Kutoka uzio hadi mstari wa kwanza wa mazao tuache hatua moja kamili, kusudi kivuli na mizizi visisumbue maharagwe.

Nne, ulinzi. Adui wa kwanza ni mbuzi. Uchungu haumzuii mbuzi aliyezoea. Kwa miezi ya kwanza tuweke miiba au fito pembeni. Vipande vichache havitashika. Tupande vingine mahali pake mvua ikiendelea.

Kikundi cha wamama 20, kila mmoja akileta vipande 10 kutoka kwa mti mmoja mkubwa, kina vipande 200. Hivyo ni mita 100 za uzio. Hakuna franka hata moja iliyotoka mfukoni.

Kata mmoja, acha mmoja

Hapa ndipo moyo wa habari yetu. Mubirizi wengi wetu tunaujua bila kuyajua maua yake, kwa sababu unakatwa kabla ya kuchanua. Unakatwa mwezi wa tisa kwa vijiti vya maharagwe yanayopanda juu. Unakatwa tena mwezi wa pili kwa kazi hiyohiyo. Katikati yake majani yanachumwa kwa mbuzi na kuni zinavunjwa. Tawi jipya linalochipuka baada ya kukatwa linahitaji muda wa kukomaa kabla halijachanua. Likikatwa kila msimu, halifiki.

Hatusemi mtu aache kukata. Vijiti tunavihitaji. Tunasema tuhesabu. Kwenye uzio wa miti 20, msimu huu tukate mti wa kwanza, wa tatu, wa tano, hivyohivyo hadi mwisho. Ile mingine tusiiguse mpaka ichanue na maua yake yanyauke. Msimu unaofuata tukate ile iliyopumzika, na ile iliyokatwa ipate zamu yake. Ni kama likelemba yetu: si kila mtu anachukua siku moja, lakini kila mtu anafikiwa. Miti inachukua zamu, na nyuki hawakosi ua.

Ili watoto na wafanyakazi wasikosee, tufunge kitambaa kwenye miti ya kuacha. Kitambaa kilichochakaa cha kitenge kinatosha.

Kisha tuandike. Kwenye daftari la kikundi, mama mmoja aandike mwezi ambao mubirizi wake ulichanua, na mwezi ambao maboga yake yalianza kushika. Kilima cha juu na bonde la chini havichanui siku moja. Baada ya mwaka mmoja kikundi kitakuwa na kalenda yake chenyewe. Kalenda hiyo itaonyesha miezi isiyo na ua, na hapo kikundi kitajua mti gani mwingine wa kuongeza kwenye uzio.

Vitu viwili vinavyoharibu kazi hii

Cha kwanza ni dawa ya wadudu. Mtu akipuliza nyanya zake saa mbili asubuhi wakati nyuki wako kazini, anaua wachavushaji wa kilima kizima pamoja na viwavi wake. Kama ni lazima kupuliza, ifanyike jioni jua linapotua, nyuki wamekwisha kurudi. Tusipulize juu ya mmea uliochanua, wala dawa isiruke hadi kwenye uzio. Tusizidishe kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Na chupa isiyo na maandishi, inayouzwa kwa kugawanywa sokoni, tusiinunue kabisa. Hiyo ni hatari kwa nyuki, na kwanza kabisa ni hatari kwa mama anayepuliza akiwa amebeba mtoto mgongoni.

Cha pili ni kuharibu makao. Si nyuki wote wanakaa mzingani. Wengi wanachimba mashimo madogo kwenye udongo mtupu, wengine wanakaa ndani ya fito kavu au mti uliokufa. Tuache kona moja ya ukingo bila kuichimba, na gogo moja kavu bila kulichoma. Yule mweusi mkubwa anayetoboa paa anasumbua, ndiyo. Lakini akiwekewa gogo laini kavu karibu na marakuja, atapata nyumba nyingine pasipo kuuawa.

Watoto wafundishwe kwamba nyuki aliye kwenye ua ana kazi yake na hana haja ya kuuma. Tusimpige, tusimpulizie. Mzinga wenyewe ni habari nyingine: ukae mbali na nyumba na njia ya watoto.

Juu ya uchungu wake na homa ya mtoto

Hatuwezi kutaja mubirizi bila mama mmoja kusema: «Lakini huo ni dawa.» Ni kweli kwamba wazee wetu waliutumia kwa tumbo na kwa homa. Hata wanyama wanaujua. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale huko Tanzania, upande unaotazamana na Kalemie yetu, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimfuata sokwe jike aliyekuwa mgonjwa, mwezi wa kumi na moja mwaka 1987. Walimwona akichukua tawi la mubirizi, akitupa majani na ganda, akitafuna kiini cha ndani na kumeza maji yake machungu. Siku iliyofuata alionekana amepata nguvu. Kalunde aliujua mti huo kama dawa ya watu wake, Watongwe. Wawili hao waliandika habari hiyo mwaka 1989, na tangu hapo watafiti wengi wameuchunguza mti huu.

Lakini tusikie vizuri: sokwe yule alitupa majani. Ndani ya majani kuna vitu vikali kuliko ndani ya kiini, na kikombe cha maji ya majani hakina kipimo. Hakuna mama anayejua kama amempa mtoto kidogo au amezidisha.

Kwa hiyo tunasema wazi. Mtoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe damu, na kama ni malaria apewe vidonge vya malaria vinavyotolewa kule, avimalize vyote. Maji ya mubirizi hayachukui nafasi ya kipimo wala ya vidonge. Malaria ya mtoto mdogo inaweza kugeuka kuwa mbaya sana kwa siku moja au mbili, na muda unaopotea nyumbani kwa kungoja uchungu ufanye kazi haurudi. Mama mjamzito naye asinywe maji hayo. Tunapanda mubirizi kwa ajili ya uzio, vijiti, mbuzi na maua. Hayo yanatosha kuupenda.

Mpaka na jirani

Jambo la mwisho linaleta ugomvi likisahauliwa. Kwetu mti uliopandwa si mti tu; watu wanausoma kama alama ya mpaka. Mama akipanda mstari wa mibirizi bila kusema neno, jirani anaweza kufikiri anasukumwa. Na mama anayelima ardhi ya kukodi, akipanda mti wa miaka mingi, mwenye ardhi anaweza kuona anataka kuichukua.

Basi tuanze na maneno kabla ya panga. Tuzungumze nyumbani na mzee wa nyumba. Tumwite jirani, tutembee naye kwenye mpaka, tupande nusu mita ndani ya upande wetu. Ikiwezekana mkuu wa kijiji au mzee wa mtaa awepo. Kwenye ardhi ya kukodi tuombe ruhusa, tena tueleze kwamba vijiti na maua vitamfaa mwenye ardhi pia. Jirani akikubali kupanda mstari wake, mnaweza kupeana zamu: mwaka huu yeye anakata, ninyi mnaacha. Nyuki hawajui mpaka, na maboga ya jirani yakizaa, hayo yako hayapungui.

Kazi ya wiki hii

Kila mama aangalie uzio wake na ahesabu mibirizi iliyopo. Achague ile ya kuacha na kuifunga kitambaa. Asiye nayo amwombe mwenzake vipande, akavipande mvua ikishika. Na asubuhi moja, kabla ya saa tatu, akae dakika chache karibu na ua la maboga lililofunguka na kuhesabu nyuki wanaoingia. Hesabu hiyo ailete kwenye mkutano.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Kwenye kilima chetu, ni mwezi gani hauna ua hata moja?

Nani kati yetu ana mubirizi mkubwa wa kukatia vipande, na kila mmoja atachukua vingapi?

Nani anapuliza dawa karibu na mashamba yetu, na nani kati yetu anaweza kwenda kuzungumza naye kwa upole juu ya kupuliza jioni?

Sehemu gani ya njia au ya ukingo wa shule tunaweza kuipanda pamoja, na nani atalinda vipande dhidi ya mbuzi?

Wamama wenzetu, majibu yenu tuleteeni. Kikundi kitakachokuja na daftari la mwaka mzima, lenye miezi ya maua na miezi ya maboga, tutaomba ruhusa ya kulichapisha hapa ili vilima vingine vijifunze. Tuonane wiki ijayo.